Behewa la Jabez Pilling

Clement Haslam alikuwa mtu wa kuchekwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomcheka, kwa hiyo msitazamie nianze kwa machozi. Kwa miaka thelathini na minane alipaka gundi soli katika kiwanda cha viatu vya kuvalia nyumbani, hapahapa Ravenclough, Lancashire, mpaka pua yake ikafa kabisa. Ungemwekea samaki aliyeoza mbele yake, angekuuliza mmepika nini leo. Hakuoa. Aliishi na mama yake, Bi Annis, katika nyumba ya mawe yenye vyumba viwili juu na viwili chini, na kimoja kati ya hivyo vinne kilikuwa cha treni.

Nasema treni, lakini ni zile ndogo, zilizopunguzwa mara sabini na sita, kichwa chake kinakaa kiganjani. Ukiziita za kuchezea mbele ya wenyewe utanuniwa mwezi mzima. Clem alikuwa na vichwa sitini na vitatu na mabehewa zaidi ya mia nne, yote ya reli za Uingereza, kila moja ndani ya boksi lake, na kila boksi limepangwa rafuni kwa kampuni na kwa mwaka. Alijua kichwa kipi kilibadilishiwa bomba la moshi mwaka gani na kwa nini. Siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote hakuijua, isipokuwa ya mama yake.

Nayajua haya kwa sababu mwenyewe niliolewa na mtu wa namna hiyohiyo. Mume wangu, Rodney Kershaw, alikuwa mwenyekiti wa klabu yao. Ukipenda boga upende na ua lake, husema watu, na ua la Rodney nimelifuta vumbi zaidi ya miaka thelathini. Kila Jumatano jioni walikutana katika ukumbi wa kanisa, wanaume kumi na wanne waliovaa sweta, nami nilikaa kwenye dirisha la jikoni na birika kubwa, nikiwagawia chai na kusikiliza. Mwanamke anayegawa chai hana tofauti na kabati. Watu husema lolote mbele yake.

Katikati ya ukumbi walikuwa na meza yao, mita saba kwa moja na nusu, na juu yake stesheni ya Ravenclough jinsi ilivyokuwa mwaka 1905: mapaa ya mawe, uwanja wa makaa, daraja, hata mbwa wa mkuu wa stesheni. Na meza hiyo ilikuwa na sheria ambayo Rodney aliithamini kuliko amri kumi za Mungu. Behewa halipandi mezani mpaka mwenyewe alete ushahidi kwamba behewa la namna hiyo lilikuwepo kweli. Picha, au karatasi ya ofisi ya reli. Neno la mdomo halihesabiwi.

Sheria hiyo ndiyo iliyomkamata Clem. Zamani kila muuza makaa ya mawe aliyejiweza alinunua behewa lake mwenyewe, akaandikisha jina lake ubavuni kwa herufi ndefu kama mtoto, likapanda na kushuka bondeni likimtangaza. Wakusanyaji wanayapenda hayo kupita kiasi. Na Bi Annis, tangu Clem akiwa anatambaa, alimsimulia kwamba baba yake, Jabez Pilling, muuza makaa wa Mtaa wa Kinu, alikuwa nalo. Jekundu, maandishi meupe, PILLING, RAVENCLOUGH, na chini yake Namba 1, kana kwamba la pili lilikuwa njiani. Bi Annis alikuwa na miaka saba alipopelekwa stesheni kwa mkono kulitazama likiingia. Baba yake alimnyanyua akaligusa. Miaka michache baadaye Jabez alianguka kibiashara, behewa likauzwa, na ukoo mzima ukaingia viwandani kupaka gundi. Hakuna kilichobaki ila hadithi ya mtoto wa miaka saba.

Hadithi hiyo ndiyo iliyomfanya Clem awe mkusanyaji. Hayo mabehewa mia nne yote, ukiuliza mimi, yalikuwa ya kupitishia muda tu akingojea lile moja.

Mwaka 1981, alipostaafu, alilitengeneza mwenyewe. Alinunua behewa tupu lenye mbao saba ubavuni, akalipaka rangi nyekundu mara sita, akaandika herufi kwa brashi yenye nywele tatu huku mama yake, wakati huo ana miaka themanini na saba, ameketi karibu yake akimwelekeza: nyekundu zaidi, Clem, nyekundu ya nyama ya ng'ombe. Akalileta klabuni ndani ya boksi la viatu, limefungwa kitambaa. Kusema kweli lilikuwa zuri.

Rodney alilitazama bila kuligusa.

“Kazi safi, bwana Clem. Ushahidi uko wapi?”

“Mama yangu aliliona.”

“Mama yako ana kamera?” Huyo alikuwa Gordon Tattersall, mzee aliyetembea na kioo cha kukuzia shingoni kama daktari na kifaa chake cha kupimia moyo. Alihesabu misumari kwenye vichwa vya treni vya watu, akiona mmoja umezidi anapiga kelele kama aliyeona nyoka.

“Aliligusa kwa mkono wake, Gordon.”

“Basi tuletee mkono wake tuupige picha.”

Wakacheka wote, nami dirishani nikacheka. Rodney akamrudishia lile boksi.

“Mkono mtupu haulambwi, Clem. Leta picha, nitakuwa wa kwanza kulisukuma mezani. Bila picha, kesho mtu ataniletea behewa la Mfalme Sulemani.”

Clem alilifunga behewa kitambaa chake, polepole, akanywa chai yake, akaenda nyumbani.

Sasa, mjue kwamba Rodney hakuwa akilinda sheria tu. Miaka miwili kabla ya hapo, katika maonyesho ya Pasaka, mbele ya wageni kutoka Manchester na mbele yangu mimi mkewe, Clem alikuwa ameinama juu ya kichwa cha treni ambacho Rodney alikijenga miezi kumi na minne, akasema kwa upole wake ule, “Kizuri sana, ila bomba hilo la moshi ni la baada ya vita.” Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anasaidia. Wageni wakainama kutazama, mmoja wao akasema, “Eh, kweli.” Rodney hakula chakula cha jioni siku hiyo. Aliweka kisasi chake kama watu wanavyoweka jibini, mahali pa baridi, akingoja kiive.

Kiliiva Machi 1982. Jumamosi hiyo tulikwenda Bury, soko la vitu vya mtumba, mimi natafuta mapazia, yeye anapekua mabati ya biskuti yaliyojaa picha za kale za watu waliokwishakufa. Nikasikia ameacha kupumua. Akanionyesha. Uwanja wa makaa wa Ravenclough, wanaume watano wenye makoleo na sharubu, na nyuma yao behewa limesimama ubavu wazi, safi kama limepakwa jana: PILLING. Chini, Namba 1.

“Maskini Clem,” nikasema. “Atalia kwa furaha huyo.”

“Atalia,” alisema Rodney, akaitia picha katikati ya gazeti. Ndani ya gari akaongeza, “Lakini asubiri kidogo.”

“Asubiri nini?”

“Ajifunze kutafuta. Mtu anayejua mabomba ya moshi ya watu wote ashindwe kujua behewa la babu yake?”

Nyumbani aliiweka kwenye droo ya meza yake ya kazi, chini ya vipande vya shaba, na akafunga. Ufunguo haukuwa siri. Ulining'inia ukutani, ningeweza kuuchukua siku yoyote nikitoka kununua maziwa.

Mtaniuliza kwa nini sikuuchukua. Nimejiuliza pia, na majibu mazuri nimeyajaribu yote: amani ya nyumba, mume ni mume, si kazi yangu. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nilifurahia. Kwa miaka thelathini nilikuwa kabati la kugawa chai, na sasa kabati lilikuwa na kitu ndani yake. Kila Jumatano Clem alipokuja dirishani kuchukua kikombe chake, mimi nilijua na yeye hajui, na jambo hilo lilinipasha moto.

Maana alitafuta, jamani. Alikwenda maktaba ya mji akasoma magazeti ya miaka ishirini, ukurasa kwa ukurasa, mpaka macho yakamwaga maji. Alipanda basi kwenda Preston kwenye nyaraka za serikali ya wilaya, mara tisa kwa mwaka mmoja. Aliwaandikia barua wazee wa reli, nyingi zikajibiwa na wajane wao. Na kila Jumatano alileta taarifa kwa mwenyekiti, kama askari.

“Nimepata tangazo la gazeti, Rodney. Jabez Pilling, makaa bora, 1902.”

“Behewa limetajwa?”

“Limetajwa ‘usafirishaji wake mwenyewe’.”

“Hata punda ni usafirishaji wake mwenyewe.”

Kicheko. Clem anakunja karatasi yake anairudisha mfukoni, na Rodney anampiga piga begani: “Usikate tamaa, mzee. Mtafutaji hachoki.”

Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, ule upole. Rodney alimpa anwani za maduka ya picha. Alimwazima vitabu. Mara moja alimpeleka kwa gari letu mpaka Bury, kwenye soko lilelile, wakapekua mabati yaleyale ya biskuti saa tatu nzima, na jioni mume wangu alirudi akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Nilimkaangia mayai. Nami nilicheka kidogo.

Kila Pasaka klabu ilifungua milango, watu wakalipa kiingilio, watoto wakagusa walichokatazwa kugusa. Na kila Pasaka Clem alimleta mama yake, mwanzo kwa fimbo, kisha kwa kiti cha magurudumu, akamweka pale kwenye pembe ya uwanja wa makaa. Bi Annis alitazama mabehewa yakipita: ya Hargreaves, ya Duerden, ya ndugu wawili Lord, wote wauza makaa aliowafahamu utotoni, wote washindani wa baba yake. Aliyatazama moja moja kama mtu anayengoja abiria wake ashuke.

“Halijapita,” alisema.

“Bado, mama,” alisema Clem.

Alikuwa mwanamke mdogo mwenye ulimi. Mwaka 1983 Rodney alimwinamia kwa sauti ile ya kuongea na wazee, akamwuliza, “Bi Annis, una hakika haukuwa mkokoteni?”

“Nilikuwa na miaka saba, Kershaw, sikuwa kipofu. Na baba yako ndiye aliyekuwa na mkokoteni, akiuza matumbo ya ng'ombe.”

Siku hiyo kicheko kilikuwa chake. Lakini neno likirudiwa mara mia huchimba. Mwaka 1984 Rodney aliuliza tena, na Tattersall akadakia kwamba watoto huona vitu vikubwa, yeye mwenyewe utotoni alidhani nyumba ya bibi yake ina vyumba ishirini, kumbe vinne. Njia ya mwongo ni fupi, alisema mwingine, kwa utani tu. Bi Annis aliinamisha kichwa. Alikuwa akitazama mikono yake.

Mwaka 1985 niliwapelekea chai mwenyewe. Bi Annis alikuwa na miaka tisini na mmoja, shingo yake imebaki kama ya ndege. Clem alikuwa ameinama kumfunga blanketi.

“Clem,” alisema, “ulikuwa mwekundu?”

“Nini, mama?”

“Mkokoteni.”

Clem alisita na blanketi mkononi. “Behewa, mama. Behewa lilikuwa jekundu.”

“Eti hawa wanasema mkokoteni.” Alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. “Wanaume wengi hivi hawawezi kukosea wote, au vipi, binti?”

Niliweka kikombe mezani. Nilimwambia chai ni ya moto, aangalie.

Jioni ile, Rodney akivua viatu, nilimwambia inatosha. Nilisema yule bibi anaisha, mpe Clem picha yake kesho asubuhi, sema umeiokota popote. Alinitazama kama nimemwomba aiuze nyumba.

“Mwaka ujao,” alisema. “Kwa Pasaka. Nitafanya jambo zuri.”

“Mwaka ujao hatakuwepo.”

“Huyo? Huyo atatuzika wote.”

Ufunguo ulikuwa ukutani. Niliutazama wiki mbili tatu hivi, kisha nikaacha kuutazama.

Bi Annis alikufa Januari 1986, baridi ya wiki mbili ikamwondoa. Klabu ilituma maua. Rodney alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, kwa kuwa Clem hakuwa na ndugu wa kutosha, na alibeba vizuri, mgongo umenyooka. Baada ya mazishi tulikula mikate ya nyama ya nguruwe katika ukumbi uleule wa kanisa, meza ya reli imefunikwa shuka upande wa pili. Rodney alimshika Clem mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia mama yake alikuwa mtu wa kipekee.

Wiki iliyofuata aliifungua droo. Alifanya kazi kila jioni hadi Pasaka, na alipomaliza hata mimi niliyechoka na mambo hayo niliinama kutazama. Behewa la Jabez Pilling, kwa mkono wa Rodney Kershaw. Makaa halisi yaliyosagwa, kutu kwenye misumari, herufi zenye kivuli. Siku ya maonyesho aliliweka peke yake juu ya kitambaa cheusi, na kando yake picha ndani ya mfuko wa plastiki, na kadi iliyopigwa chapa: utafiti na ujenzi, R. Kershaw. Waamuzi kutoka vilabu vingine walimpa kikombe cha utafiti bora.

Clem aliingia saa nne. Nilikuwa nimejificha nyuma ya birika langu, lakini ukumbi si mkubwa, niliona kila kitu. Aliivua kofia. Alitazama behewa, kisha picha, kisha behewa. Midomo yake ikawa inasoma jina, herufi kwa herufi. Halafu akamgeukia mume wangu, machozi yanamtiririka waziwazi, mtu wa miaka sitini na tisa, akamkumbatia.

“Umelipata,” alisema. “Rodney, ndugu yangu, umelipata. Mungu akubariki. Mungu akubariki wewe na nyumba yako.”

Rodney alimpiga piga mgongoni. Hata yeye, nadhani, hakuwa ametazamia kubarikiwa.

“Si kitu, Clem, si kitu.”

“Miaka mitano! Na wewe hukuchoka kunitafutia.” Clem akaingiza mkono katika mkoba wake, akatoa boksi lile la viatu. Alikuwa amelileta. Pasaka zote alilileta, kumbe, hakuwahi kumwambia mtu. “Basi sasa linaweza kupanda, si ndiyo? Ushahidi huo hapo.”

Tattersall alikuwa ameshalishika. Kioo kikashuka kwenye behewa la Clem, kikapanda kwenye picha, kikarudi. Alihesabu kwa kidole.

“Mbao saba,” alisema.

“Ndiyo, saba.”

“Picha ina sita.”

Watu wakasogea. Kila mmoja akahesabu, na kila mmoja akapata sita. Kisha mwingine akagundua kwamba herufi za Clem hazina kivuli, na za kwenye picha zina kivuli. Walifurahi sana, ungedhani wanapata chakula.

“Mama hakukumbuka mbao,” alisema Clem. “Alikuwa mtoto.”

“Hakuna anayemlaumu marehemu,” alisema Rodney, na kwa kweli aliisema kwa huruma. “Lakini sheria ni sheria. Picha inathibitisha behewa la mbao sita. La mbao saba halijathibitishwa. Tuseme wazi, Clem, limekanushwa.”

“Ndiyo,” alisema Clem. Alilitazama behewa lake mkononi mwa Tattersall. “Ndiyo, naona. Langu si sahihi.” Alikuwa mmoja wao, jamani, hilo ndilo la kumsikitikia. Alihesabu mwenyewe, akakubali.

Kisha akafanya ambacho mkusanyaji yeyote angefanya akiona picha ya kale. Aliitoa kwenye plastiki akaigeuza, kutafuta mhuri wa mpiga picha. Na Rodney, mjanja wangu, aliyefikiria kila kitu hadi kutu ya misumari, hilo hakulifikiria, kwa sababu lilikuwa ndani yake kama kupumua. Wote ni hivyo. Hawanunui kitu bila kukiandika nyuma kwa penseli wamekipata wapi na lini. Wangeweza kumwandika hivyo hata mke. Wengine huandika kabla ya kutia chenji mfukoni.

Clem alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, si kubwa.

“Bury, soko la mtumba. Machi 13, 1982.”

Kichwa kimoja cha treni kiliendelea kuzunguka mezani kikivuta mabehewa ya Hargreaves, maana hakuna aliyekumbuka kukizima. Niliwatazama wale wanaume wengine kumi na wawili, mmoja mmoja. Walijua kuhesabu misumari, basi na miaka minne walijua kuihesabu. Niliona ikiwaingia usoni. Nikasema moyoni, sasa mmoja wao atasema neno. Mmoja tu.

“Bury?” alisema Tattersall. “Kwa yule jamaa wa karibu na mlango, mwenye kofia ya manyoya?”

“Hapana,” alisema Rodney, na nilisikia pumzi ikimrudi. “Yule wa nyuma, upande wa wauza vyombo.”

“Ana vitu vizuri huyo.”

“Alikuwa navyo. Siku hizi bei imepanda.”

“Muhimu ni kwamba ushahidi umepatikana,” alisema mwingine, na wengi wakaitikia kwa kichwa, na wawili watatu wakarudi kwenye meza. Tattersall akamrudishia Clem behewa lake, akamshauri kwamba ubao mmoja unaweza kukatwa kwa wembe, kama mtu ana mkono mtulivu.

Clem aliirudisha picha ndani ya plastiki, akainyoosha juu ya kitambaa cheusi mahali ilipokuwa. Rodney alisogea, akaanza, “Unajua, Clem, nilitaka kwanza kuhakikisha,” na Clem akampita tu, taratibu, kama unavyopita kiti, akaja moja kwa moja dirishani kwangu. Boksi alikuwa amelikumbatia kwapani. Kwa ukaribu huo, gundi ilinuka kwenye koti lake bado, miaka mitano baada ya kustaafu.

“Bi Thelma.”

“Clem.”

“Ulikuwepo Bury siku hiyo?”

Ningeweza kudanganya. Nilikwisha kuwa na mazoezi.

“Nilikuwepo,” nikasema. “Nilinunua mapazia.”

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Mimi nilianza kusema. Nilisema samahani, nilisema nilimwambia Rodney mwaka jana, mwulize, nilimwambia kabisa, nilisema mama yako hata hivyo alijua ukweli wake moyoni, na hilo ndilo la maana. Alinyanyua mkono kidogo ili ninyamaze. Hakuwa na hasira. Ningempa chochote siku hiyo awe na hasira.

“Alipokuwa amelala pale mwisho,” alisema, “siku tatu kabla, aliniita. Akasema, ‘Clem, mwanangu, nisamehe. Nadhani nilikudanganya. Nadhani hapakuwa na behewa.’ Alikuwa akilia. Maisha yake yote sikumwona akilia.”

“Ukamwambia nini?”

“Nilikuwa nimechoka, Bi Thelma. Na mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyohivyo.” Alilihamisha boksi kwapa la pili. “Nilimwambia, ‘Nimekusamehe, mama.’”

Akavaa kofia yake akatoka kwa mlango wa pembeni, na baridi ikaingia kidogo kabla mlango haujajifunga. Kutoka mezani Rodney aliniita, sauti yake imechangamka tena: waamuzi wanaomba chai, Thelma, watatu, mmoja bila sukari. Nikamimina vikombe vitatu, nikawapelekea.